Fumbo Alilotunga Mama Yako kwa Vifungo

Akinyi, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa Mama Chebet kusukwa nywele, na jua bado liko juu ya mikaratusi. Nina nafasi ya kuandika kabla king'ora cha kiwanda hakijaniita. Barua hii nitaiacha mezani, uisome mimi nikiwa zamuni. Naandika kwa sababu jana ulisema neno na mimi sikulijibu.

Ulisema, "Baba, mimi siendi. Nimeshafikiri. Hiyo nafasi ya ualimu watampa msichana mwingine. Nani atakupikia ukitoka kazini?" Kisha ukaendelea kuchambua mboga kana kwamba mambo yamekwisha. Nikanyamaza, na wewe ukadhani nimekubali. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa kufungua mdomo, nisije nikasema, "Vizuri, kaa." Tangu mama yako alipotutoka wakati wa masika, sauti yako ukikoroga uji ndiyo inayonijulisha kwamba kumekucha. Leo kutwa nimetafuta la kukujibu, na kila nikitafuta maneno yangu nakutana na ya kwake.

Habari za blanketi, na za kuchemsha maji, na za kutowaazima watu kitana, sitaziandika. Shangazi zako wamekwisha kukuambia zote, na nyingine mara mbili. Mimi nataka kukueleza lile fumbo. Unalijua nusu nusu, kwa sababu mengi yalifanyika ukiwa darasani, na mwishoni tulikuwa tukizungumza chini chini ili usijue jinsi kifua chake kilivyozidi.

Tulipohamia huku kutoka kwetu ziwani, wewe ukiwa bado mgongoni, mimi niliandikwa kiwandani na mama yako akapata kazi ya kupiga pindo na kutia vifungo kwa Kanji, fundi cherehani wa pale Kericho. Alikaa barazani kwenye mkeka na Kanji alikaa kwenye cherehani. Katikati yao palikuwa na sanduku lililopinduliwa, na juu yake ubao wa sataranji. Kanji alikuwa hachezi na mtu. Alipanga vipande vichache, akavitazama, akashona mkono wa koti, akavitazama tena. Mama yako alidhani ni dawa ya Kihindi ya kuita wateja.

Siku moja akamwuliza. "Fundi, hiyo kazi ya nani? Mbona haiishi?"

"Hapana kazi, Mama Akinyi. Hii fumbo. Iko mtu alitunga, mimi natafuta ufunguo."

"Na ukiupata?"

"Nikipata, mimi nalala vizuri."

"Basi leo utalala vibaya, maana umeshona mkono wa kushoto pande zote mbili."

Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea chakula. Kanji akalitazama koti, kweli lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Kuanzia siku hiyo akaanza kumfundisha.

Alimfundisha kwa majina ya kwao. Kuna mfalme, na waziri wake mwenye nguvu kuliko wote. Kuna ndovu anayekwenda moja kwa moja, ngamia anayekwenda mshazari, farasi anayeruka, na mbele yao askari wadogo wanaokwenda hatua moja moja na hawarudi nyuma. Kila mraba wa ubao Kanji aliuita nyumba. Mama yako hakuwa na ubao, akashona wake, viraka vya khaki na vya amerikani, kile kitambaa ulichokuwa ukijifunika uso ukicheza kujificha. Vipande vyake vilikuwa vifungo. Mfalme alikuwa kifungo cha shaba cha koti la polisi, ndovu vifungo vikubwa vya makoti, na askari vifungo vya shati. Farasi mmoja mweupe uliwahi kummeza. Tulikaa tukimngoja, mama yako akisema, "Huyu farasi anajua kuruka, atarudi tu," na alirudi. Akamchemsha, akamrudisha vitani.

Mimi nilidhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Nilimwambia hivyo. Akaniambia kucheza ni kitu kingine. Katika kucheza, alisema, watu wawili wanapigana na mmoja anakosea. Katika fumbo hakuna anayekosea. Mtunzi anapanga vipande, anasema mweupe aanze na amfunge mfalme mweusi kwa miendo kadhaa, mweusi ajitetee awezavyo, na bado iko njia. Na njia lazima iwe moja tu. Zikiwa mbili, fumbo limevunjika, linatupwa. Halafu mwendo wa kwanza, ule ufunguo, haufai kuwa wa kelele. Kanji alikuwa akisema, "Kukamata askari ya mtu kwa mwendo ya kwanza, hiyo kazi ya fisi."

Kanji alikuwa na magazeti ya zamani ya sataranji kutoka Uingereza, aliyoachiwa na marehemu kaka yake, na Kiingereza akikisoma kwa kidole. Humo ndimo mama yako alimokutana na watunzi. Nataka uone nilichokiona siku alipoonyeshwa fumbo la yule kasisi.

Kasisi mmoja Mzungu, kabla babu zetu hawajaoa, alikuwa akiishi Uhindi. Akatunga fumbo, akalipeleka kwa meli kwenye gazeti la kwao. Kanji alisema mabingwa walihangaika nalo. Mfalme mweusi amebanwa karibu hana pa kukanyaga, na mweupe ana nguvu nyingi mno, lakini kila akikaza zaidi, mfalme anakosa mwendo kabisa na mchezo unakufa bila mshindi. Ufunguo ni huu: ngamia mweupe, aliye mahali pazuri, anarudi nyuma kabisa mpaka pembeni. Kisha ndovu wake mwenyewe anakuja kusimama katikati ya njia aliyopita, anamziba. Kwa kuzibwa huko mfalme mweusi anapata nyumba moja ya kukanyaga. Anakanyaga. Hapo ndovu anatoka njiani, na kwa mwendo huo mmoja yeye na ngamia aliyekuwa amejificha nyuma wanampiga mfalme pamoja.

Mama yako alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Amemziba mwenzake kwa makusudi?"

"Makusudi kabisa."

"Ili adui apumue?"

"Ili apumue kidogo tu."

Mama mmoja wa Kikipsigis aliyekuwa akingoja gauni lake akaguna, "Ninyi, gauni langu mnashona au mmempa farasi?" Mama yako alikuwa anatazama vile vipande kama mtu anayetazama mvua ikija kutoka mbali. Jioni tukirudi laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, mama yako akasimama darajani. Akasema, "Baba Akinyi, yule mtu alikuwa anafikiri akiwa wapi?"

Lingine lilikuwa la vipande vinne tu: wafalme wawili na askari wawili. Askari mweusi anakimbilia mwisho wa ubao, na mfalme mweupe yuko mbali mno, hamfikii. Askari mweupe naye yuko karibu kuliwa, na mfalme wake yuko mbali naye vilevile. Mtoto mdogo angesema mweupe amekwisha. Lakini mfalme mweupe anashika njia ya mshazari. Hamfuati yule, hamfuati huyu, na kwa kila hatua anawakaribia wote wawili, kwa sababu kwenye ubao mshazari si mrefu kuliko njia iliyonyooka. Mweusi akisimama kumla askari, mfalme amemfikia yule mkimbiaji. Mweusi akikimbia, mfalme amemfikia askari wake. Hakuna anayeshinda, na aliyekuwa amekufa ameishi. Mimi nilirudia hatua hizo kwa kidole changu mwenyewe, nikazirudia tena. Nimepanda na kushuka mashamba haya ya chai tangu tulipohamia huku, na hakuna mshazari hata mmoja ulionipunguzia safari.

"Aliyetunga alijuaje kwamba liko hivyo?" mama yako akauliza.

Kanji akasema, "Alikaa."

"Alikaa tu?"

"Alikaa sana, Mama Akinyi."

Basi naye akaanza kukaa. Alitunga mafumbo ugali ukiwa jikoni, na ndiyo sababu ulikua ukidhani ukoko ni chakula cha kawaida. Jinsi alivyotunga ilinishangaza. Mimi ningeongeza vipande. Yeye alipunguza. Alisema kitambaa kikizidi mshono unakunjana. Akiondoa kipande na fumbo likabaki linasimama, alitabasamu peke yake, na kile kifungo akakirudisha mfukoni.

Mwaka ule wa nzige, wakati majani yote nje yalikuwa yakiliwa na watu wanapiga madebe, alimaliza fumbo lake la miendo mitatu. Kanji alilikagua siku nyingi akitafuta njia ya pili. Hakuipata. Akafunga cherehani katikati ya mchana, jambo ambalo sijapata kuliona, akaandika barua kwa lile gazeti, akachora ubao kwa wino. Ikaenda stesheni ya Lumbwa, ikaenda Mombasa, ikavuka bahari. Tukangoja msimu mzima na zaidi.

Jibu lilikuwa fupi. Mhariri alishukuru kwa adabu, akasema fumbo ni zuri ila limevunjika. Si miendo mitatu. Mwendo mmoja tu unatosha: askari mweupe aliye mbele ya mfalme wake anaruka nyumba mbili, na mfalme mweusi amefungwa papo hapo.

Mama yako akasema, "Askari anaruka mbili? Tangu lini?"

Kanji akashika kichwa. Kwa sheria za kwao, alizocheza tangu utotoni na alizomfundisha mama yako, askari anakwenda hatua moja, hata iwe ya kwanza. Kwa sheria za Wazungu, askari ambaye hajatoka nyumba yake ya kwanza anaweza kuruka mbili, ile mara moja tu, na akishatoka hawezi tena. "Nilijua!" akasema. "Mimi nilijua na nilisahau! Kila siku nasoma gazeti yao, na ubao yangu inacheza ya nyumbani. Mama Akinyi, piga mimi."

"Nikupige, nani atanilipa?" mama yako akasema, lakini uso wake ulikuwa umesawijika. Kwa muda wote ule walikuwa wamelitazama fumbo lile, kila kipande na kila njia, na hakuna aliyejua nguvu aliyokuwa nayo yule mdogo kuliko wote, kwa kuwa alikuwa hajasogea.

Hapo ndipo kifua kilipoanza kumshika. Unakumbuka alivyoacha kwenda dukani. Alilala na kile kitambaa juu ya blanketi, na akikohoa vifungo vilitawanyika, basi akavitunga uzi, akawa anavichoma kwa sindano mahali pake. Alipochoka mkono, mimi ndiye niliyemsogezea. Nikirudi zamuni, nguo zangu zikinuka majani yaliyonyauka, ananiambia, "Kaa hapa. Mpeleke ngamia kule," nami nampeleka.

Nilitaka kumsaidia, nikampa shauri. Nikamwambia, "Si kazi kubwa. Weka kipande cheusi mbele ya yule askari. Mzuie. Asiweze kuruka, na fumbo lako la zamani litasimama kama lilivyokuwa."

Akacheka mpaka ikabidi nimpe maji. "Wewe Baba Akinyi ni nyapara kweli kweli. Ukiona mtu ana nguvu unamzuia."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Lakini fumbo ambalo kazi yake ni kumkalisha huyu mdogo, ni fumbo la nini?"

Alikaa nalo. Siku nyingine hakutaka hata nimguse, alitazama tu. Alitoa karibu vipande vyote na kuanza upya, akiwa amebakiza mfalme mweusi na yule askari. Kisha mchana mmoja wa Jumapili, watu wakiwa kanisani na sauti za wimbo zikifika mpaka laini, akaniita.

"Mchukue ndovu mweupe. Mweke mbele ya askari."

"Mbele yake kabisa?"

"Pua kwa pua."

Nikamweka. Nikaona vizuri, nikasema, "Sasa ndovu anamlinda."

"Ndivyo kila mtu atakavyoona," akasema. "Hebu mwondoe. Mpeleke pembeni kabisa, mwisho wa ubao. Hali mtu. Hatishi mtu. Anakwenda tu."

Nikampeleka. Ilikuwa kama kumwondoa mlinzi mlangoni. Mweusi akawa na nafasi, akasogea. Akaniambia nimsogeze mweusi nipendavyo, nijaribu kila njia. Na kila nilipomsogeza, yule askari mdogo aliruka nyumba mbili kwa njia iliyokuwa imeachwa wazi, na mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda, kwa sababu kutoka kule mbali ndovu alikuwa akiulinda mstari wote. Alipokuwa amesimama karibu alikuwa halindi kitu. Alikuwa anaziba tu. Akinyi, niliinuka kitandani nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimeishi na huyo mwanamke miaka yote hiyo, nimekula chakula chake, nimemsikia akinigombeza kwa matope ya viatu, na sikujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kuwa ndani ya mtu. Nilitaka kuvua kofia na sikuwa nimevaa.

Yeye aliuliza tu, "Njia ya pili ipo?"

Haikuwepo. Kanji alitafuta, akakosa, akalipeleka. Na hakuwahi kujua mama yako kama limefika. Tulikuwa tumekwisha kumzika gazeti lilipokuja. Kanji alifunga duka akaja laini kwa miguu katika matope, yeye ambaye hata sokoni hutuma mtu. Alinikuta nimekaa nje. Akafungua ukurasa. Fumbo lilikuwa pale, kwa wino mweusi, ndovu wetu amesimama pua kwa pua na askari wetu. Chini yake mhariri aliandika jina kama Kanji alivyomtumia, kwa sababu Kanji hakujua jina lake jingine: Mama Akinyi, Kericho. Gazeti lililofuata lilikuwa na majina ya watu waliopata ufunguo, miji yao mingine hata Kanji hakuweza kuitamka. Watu hao, mahali pa baridi, kila mmoja na taa yake, walipita katika njia ileile aliyopita mama yako akiwa amelala kwenye kitanda hiki. Mmoja alieleza kwamba alijaribu kila kipande kabla ya kumgusa ndovu, kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba huyo ndiye anayepaswa kuondoka.

Sisemi mama yako alikuwa akitutunga sisi. Alikuwa anatunga fumbo, na angenicheka kwa kuligeuza mahubiri. Lakini mimi ndiye niliyemshika yule ndovu kwa vidole vyangu, na jana ulipokuwa ukichambua mboga vidole vyangu vilikumbuka.

Ulipata nafasi ya ualimu kwa akili yako mwenyewe. Jinsi ulivyowafundisha kusoma watoto wa hapa laini, ukiwaandikia herufi mchangani, niliona, sikuwahi kukuambia. Kama ungesema hutaki kazi hiyo, ningekusikiliza. Ulisema hutaki kuniacha peke yangu. Hilo ni jambo jingine, na lina jibu. Samaki wale uliokula leo mchana, ukamsifu Mama Chebet, hakuwapika Mama Chebet. Nimejifunza. Chumvi ilizidi kidogo na wewe hukusema, basi haikuzidi sana. Jumapili nitakwenda kwa Kanji. Tumekubaliana anifundishe, ingawa ameniambia wazi kwamba kichwa changu ni cha kucheza, si cha kutunga. Nitakukosa. Hilo siwezi kukudanganya, na wala usijaribu kuliondoa, ni langu.

Nitakosea tena, na wewe utakosea huko. Utafundisha jambo ulilojifunza nyumbani kwa moyo wote, na mtu atakuambia kwa adabu kwamba si hivyo. Siku hiyo uso utasawijika. Uache usawijike, kisha ukae. Ukae sana.

King'ora kimelia mara ya kwanza. Lori la chai linapakiwa kesho alfajiri mbele ya kiwanda, linakwenda Lumbwa, na dereva amekubali kukuwekea nafasi mbele, si juu ya masanduku. Treni ya Kisumu itakukuta hapo. Wenzako wawili wa ualimu kutoka Sotik wanapanda palepale, kwa hiyo hutakuwa peke yako njiani.

Ukiingia ndani ukatazama chini ya kitanda, hutaliona sanduku lako. Halijaibwa. Nimelibeba begani kwenda nalo kiwandani, na usiku huu litalala karibu na mlango wa kupakilia, nikiliona kutoka ninapofanya kazi. Njoo na viatu vyako tu.

Baba yako